Kujitolea kwa wanachuo si foleni ya ajira

Tangu mwanzoni mwa 2025, walimu walipoanza kuitwa kwenye usaili unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira badala ya kuomba na kupangiwa vituo moja kwa moja, lalamiko la aina moja limekuwa likisikika Mbeya, Iringa na Njombe kama linavyosikika kwingineko nchini. Kijana amejitolea sekondari ya kata kwa miaka mitatu, amefundisha vipindi vya hisabati ambavyo shule haikuwa na mtu wa kuvifundisha, kisha anaingia kwenye usaili na kupitwa na mwenzake ambaye hajashika chaki tangu amalize mafunzo kwa vitendo. Kutokana na uchungu huo limekua dai ambalo limefika hadi bungeni: aliyejitolea apewe kipaumbele cha ajira. Dai hilo halikuishia kwa wahitimu, limeshuka hadi vyuoni. Siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa pili anaulizia mapema ni wapi atapata barua ya kuthibitisha kwamba alijitolea, kabla hajauliza atakwenda kufanya nini.

Naona jambo hili limeeleweka vibaya, na kosa lenyewe liko mahali ambapo wanaodai na wanaopinga wanakubaliana bila kujua. Wote wanaichukulia huduma ya kujitolea kuwa ni kazi ambayo haijalipwa, na wanachobishania ni malipo yaje lini na kwa sura gani. Hapo wanachanganya vitu viwili. Mhitimu anayefundisha ratiba nzima ya wiki katika shule yenye upungufu wa walimu ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa sasa, hapewi ahadi. Mwanafunzi wa chuo anayetoka kwenda kuhudumia kata iliyo jirani na chuo chake anafanya jambo jingine kabisa: anajifunza kwa kutumika. Tukiwaweka wote kwenye foleni moja ya ajira, tutamdhulumu wa kwanza na kumharibu wa pili.

Wazo kwamba msomi ana deni kwa waliomsomesha si geni kwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963. Elimu ya Kujitegemea ilitolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, na Azimio la Musoma la 1974 likaweka sharti kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Katikati ya hayo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa njia ya redio na vikundi vya kujifunza vijijini. Kampeni ile inafaa kukumbukwa zaidi kuliko maazimio, kwa sababu ya namna ilivyoendeshwa. Vikundi vilikutana wiki baada ya wiki kwa muda wa miezi mitatu, kiongozi wa kikundi alikuwa mtu wa papo hapo, na baada ya kusikiliza na kujadiliana watu waliamua wenyewe cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kusafisha chanzo cha maji. Msomi alikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kuandaa vitabu na vipindi na kufundisha viongozi wa vikundi. Kijiji hakikuletewa mtu wa kukifanyia kazi halafu akaondoka nayo.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni mahali wanafunzi walipo. Katikati ya miaka ya 1980 aliyetaka shahada alikwenda Dar es Salaam au Morogoro. Leo Iringa mjini peke yake ina Mkwawa, ambayo imekuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu tangu 2005, ina Chuo Kikuu cha Iringa na ina RUCU, chuo kikuu cha Kanisa Katoliki. Mbeya ina MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, iliyoanza mwaka 1986 ikiwa chuo cha ufundi, ina ndaki ya Mzumbe na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapo sijataja vyuo vya ualimu, vya kilimo na vya uuguzi. Maelfu ya vijana wamepanga vyumba Semtema, Kihesa, Iyunga na Ikuti, wananunua mboga kwa mama yule yule ambaye mtoto wake anasoma shule ya msingi ya mtaa. Ujirani wa namna hii haukuwapo zamani, na ndio unaofanya huduma ya wanachuo iwe na maana mpya. Kijana wa 1970 alipelekwa kijijini akitoka mbali. Wa leo tayari anaishi mtaani, ila mara nyingi anapita tu.

Nirudi kwenye dai la kipaumbele, maana lina hoja nzito ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni ya haki: mtu aliyebeba darasa lenye wanafunzi wengi, akilipwa nauli na michango ya wazazi inayokuja mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, amethibitisha moyo ambao karatasi ya usaili haiwezi kuupima. Ya pili ni ya ubora: aliyezoea darasa halisi anajua kutuliza kelele, kutafuta mfano unaoeleweka, kusahihisha madaftari usiku. Shule nazo zina sababu zao. Tangu elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, watoto wameongezeka kwa kasi ambayo ajira za walimu hazikuifikia. Mkuu mmoja wa shule katika wilaya ya Mbeya aliniambia kwamba bila wanaojitolea asingekuwa na fizikia kabisa. Akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani: kijana wake wa fizikia aliondoka wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne kwa sababu alipata kazi ya kuhesabu mifuko ghalani, na hakuwa na namna ya kumzuia wala sababu ya kumlaumu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba kujitolea hakugharimu kitu, kwa hiyo kila kijana angeweza kujitolea kama angetaka. Wanaosema hivyo hawajaangalia kalenda ya kilimo ya mikoa hii. Likizo ndefu ya vyuo huanza karibu na Julai. Huo ndio wakati mahindi yanapukuchuliwa Ismani na Mbozi, kahawa inachumwa, na familia nyingi zinategemea mikono ya kijana aliyerudi nyumbani ili ipatikane ada ya mdogo wake. Kijana ambaye baba yake ana duka Mwanjelwa anaweza kukaa mjini miezi mitatu, akala nyumbani, akapanda daladala kwenda kujitolea, na Oktoba akawa na barua nzuri. Kijana wa Umalila au Kilolo anayeishi kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, na likizo hakuna bumu, hana uwezo huo hata awe na moyo mkubwa namna gani. Tukiamua kwamba barua ya kujitolea iongeze alama kwenye usaili, tutakuwa tumempa alama yule aliyekuwa na chakula mezani na kumwita mzalendo, na yule aliyekuwa anabeba magunia kwa ajili ya wadogo zake tutakuwa tumemwita mvivu. Sioni namna ya kuiita hiyo haki.

Lipo pia tatizo la kile kinachotokea kwa upande wa mwajiri. Halmashauri ikijua kwamba kila mwaka watakuja vijana wa kufundisha bure kwa matumaini ya kipaumbele, shinikizo la kuomba kibali cha kuajiri linapungua. Upungufu unaozibwa kila siku huacha kuonekana kuwa ni upungufu. Katika afya tumeshajifunza somo hili. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ngazi ya jamii walitembea nyumba kwa nyumba kwa moyo tu, au kwa posho ya mradi inayokwisha mradi ukifungwa, na walikuwa wakiacha mmoja baada ya mwingine. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo rasmi na posho. Maana yake ni kukiri kwamba kazi ya kudumu haiwezi kusimama juu ya hiari ya mtu ambaye naye ana watoto wa kulisha. Sioni kwa nini ukweli huo uishie kwenye zahanati na usifike darasani.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kutaka huduma kwa jamii iwe lazima kwa kila mwanachuo, asiyehudumia asihitimu. Nawaelewa. Wanachoka kuona kijana anamaliza miaka mitatu Iringa bila kuingia hata mara moja kwenye ofisi ya kijiji. Lakini historia yetu ina jibu la kutufikirisha. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga utaratibu wa kulitumikia taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Karibu 400 walirudishwa nyumbani. Watu wengi wanaikumbuka siku ile kwa adhabu waliyopewa vijana. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata, kwamba Mwalimu alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwapunguzia viongozi wenzake. Alitambua kuwa huwezi kumtaka kijana ajitoe wakati waliokaa juu hawatoi chochote. Wanaotaka kujitolea kuwe lazima leo waanze kwa kusema chuo chenyewe kitatoa nini: gari, saa za wahadhiri, fedha za chakula cha mchana. Sharti lisilo na bajeti huzaa karatasi zilizogongwa mihuri, na mihuri mitaani kwetu si shida kuipata.

Upande wa pili wapo wanaosema mwanafunzi amekuja kusoma, asome. GPA, yaani wastani wa alama zake, ndiyo itakayomtafutia kazi, si kufagia soko. Hoja hii ina nguvu kuliko wengi wanavyoikubali, hasa kwa mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na anayejua kwamba sapu mbili, yaani mitihani miwili ya marudio, zinaweza kumpotezea mwaka. Kujitolea kunakomwondoa darasani hakumsaidii yeye wala jamii. Lakini wanaosema hivyo wanadhani masomo na jamii ni vitu viwili vinavyogombea muda mmoja, na hapo ndipo ninapoachana nao. Chukua suala la udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage, yenye maziwa na parachichi. Mwanafunzi wa lishe, wa uuguzi, wa kilimo, wa sosholojia au wa uchumi akiulizwa kwa nini mtoto anadumaa kando ya ghala lililojaa, hatapata jibu kamili kwenye maktaba. Atalipata akikaa na mama anayeondoka alfajiri kwenda kuchuma chai Mufindi, mtoto wa miezi minane akibaki na dada wa miaka tisa na uji wa mahindi matupu hadi jioni. Atalipata akiona maziwa na mayai ya nyumbani yakienda sokoni kwa sababu ndiyo fedha pekee ya haraka. Kujua hivyo ni sehemu ya shahada yake, wala si muda ulioibwa kwenye shahada.

Lakini kwa namna tunavyojitolea sasa, hatafika huko. Tumezoea huduma ya siku moja. Serikali ya wanafunzi inakusanya michango, fulana zinachapwa, wanafunzi wanapelekwa hospitali au kituo cha kulelea watoto, wanafagia, wanakabidhi sabuni, unga na mafuta, picha zinapigwa, jioni wamerudi hosteli. Siwabezi waliofanya hivyo. Wametoa walichonacho, na watoto wale wameoga kwa sabuni ile. Ila wahenga wetu walipima ugeni kwa siku: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wetu wanakuwa wageni siku ile ya kwanza kila mwaka na hawafikii siku ya jembe. Kituo kinapokea vikundi vitano mwezi mmoja, hasa karibu na sikukuu, kisha miezi minne hakionekani mtu, na mlezi wa kituo hajawahi kuulizwa ni nini hasa kinachomlemea. Huenda ni daftari la mahesabu. Huenda ni mtoto wa darasa la nne ambaye hajui kusoma na angehitaji mtu mmoja, saa moja, kila Jumamosi, mwaka mzima.

Kuna tendo la siku moja ambalo silihesabu humo, nalo ni kuchangia damu. Hapo hitaji lenyewe ni la namna hiyo. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, na chembe nyekundu hazihifadhiki zaidi ya wiki tano au sita, kwa hiyo benki ya damu haihitaji watu wengi siku moja ya sherehe. Inahitaji watu wachache wachache kila juma. Benki za damu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa damu hupungua, wakati malori hayapumziki kwenye barabara ya Tunduma wala akina mama hawaachi kujifungua. Chuo kinachojua ratiba yake kingeweza kugawa madarasa yake kwa mwaka mzima ili pengo la Juni na Desemba lizibwe. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha, lakini mtu wa maabara anajua thamani yake.

Tukiacha damu, nguvu ya mwanachuo iko kwenye kile anachosomea. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka Itezi, jijini Mbeya, likafukia nyumba na shule. Mji huu umejengwa kwenye miteremko, na chuo chenye wanafunzi wa uhandisi kiko hapo hapo Ikuti. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika Ramani Huria, wakipita mitaa na wakazi wake kuchora mifereji, nyumba na mahali maji yanapotuama, na ramani zile zikawa mali ya kata. Kazi ya namna hiyo inafundisha upimaji kuliko zoezi la ubaoni, na mwenyekiti wa mtaa anabaki na kitu mkononi. Wanafunzi wa uhasibu nao wana mahali pao. Kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi. Mikutano mingi inaahirishwa, na wakati mwingine sababu si wizi bali ni mtendaji aliyeelemewa na vitabu asivyofundishwa kuviandika. Wanafunzi wa sheria wana mashauri ya mirathi na mipaka ya mashamba, ambayo yanaweza kupelekwa kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017, ilimradi mwanafunzi ajue kuishia kwenye kusikiliza, kuandika na kuelekeza, asijifanye wakili. Wa lishe na uuguzi wana Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, yenye mizani, foleni ndefu na watumishi wawili.

Wapo watakaoniuliza kama nitawanyima vijana hata barua. Siwanyimi. Barua iandikwe, ila ieleze kazi: alifanya nini, kata gani, kwa miezi mingapi, nani alimsimamia, alikabidhi nini alipoondoka. Mwajiri ataisoma kama anavyosoma sehemu nyingine ya maombi na kuipima mwenyewe. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa alama za lazima kwenye usaili, kwa sababu siku itakapokuwa hivyo ndipo barua zitakapoanza kuuzwa na kugawiwa kwa kujuana, na kijiji hakitakuwa kinapokea mwanafunzi, kitakuwa kinahudumia faili lake. Na kwa wale waliokwishafundisha miaka mitatu bila mshahara, dai lao lipelekwe linapostahili: walipwe posho inayojulikana na yenye mkataba kwa muda wote wanaofundisha, na nafasi wanazozishikilia zitangazwe kuwa ziko wazi. Hilo ni dai la kazi. Likisimamiwa hivyo halihitaji kujificha nyuma ya neno kujitolea, na mwanachuo hatalazimika kulirithi.

Kwa vyuo vyenyewe, jambo hili linagusa mahali panapouma. Kila chuo kikuu nchini husema kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Lakini mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, machapisho ndiyo yanayombeba, na mwaka aliotumia kusimamia wanafunzi kwenye kata moja hauhesabiki karibu na makala moja. Mhadhiri asipopewa sababu ya kutoka ofisini, wanafunzi watatoka peke yao, bila msimamizi, na tutarudi kwenye sabuni na picha. Chuo kinaweza kuanza na kidogo: kata mbili au tatu kilizopakana nazo, miaka mitatu mfululizo bila kuhama, saa chache za kila wiki zilizomo kwenye ratiba ya muhula badala ya likizo ili kijana wa Kilolo asiachwe nje, na nauli iliyo kwenye bajeti. Cha kufanya huko kisiamuliwe kwenye ukumbi wa serikali ya wanafunzi. Kila kata ina Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani na wenyeviti wa vijiji au mitaa wanakaa humo, na wanajua ni choo gani cha shule kimejaa na ni kijiji gani hakijasomewa mapato tangu mwaka juzi. Barua ya chuo ikifika kwenye kikao hicho kabla mwaka wa masomo haujaanza, ikiuliza mnahitaji nini na ikieleza kwa uwazi wanafunzi wanaweza nini na hawawezi nini, kamati itakuwa na orodha, na kazi ya kwanza kwenye orodha hiyo inaweza kuanza muhula huo huo.